Mbwa ya Siku Kumi

Siku ya kwanza mbwa ilikunya mara nne, na zote nne ni Theuri alichota na jembe akaenda kutupa nyuma ya migomba. Mtu amemaliza Fomu Foo, ako na cheti ndani ya bahasha ya kaki, ameandika barua za kazi mpaka kwa reli, na hii ndiyo kazi Mungu amemtafutia hapa Ruring'u. Halafu harufu. Ilikuwa inanuka kama gunia imelala kwa maji wiki mbili. Mgongo ilikuwa na upele, nywele zimeisha, na ikianza kujikuna inajikuna mpaka inaanguka. Masikio yote mbili yalijaa kupe, zimenona kama mbegu za mbarika.

Lakini haikuwa inaruhusiwa kufa. Hiyo ndiyo maneno ilikuwa hapo.

Ilianza Jumanne. Dada yake Wangechi, msichana wa miaka nane, alitumwa mafuta ya taa, akapita kichochoro ya nyuma ya bucha. Mbwa ikatoka huko ikamshika mguu chini ya goti. Mama yao, Watiri, aliosha kidonda na sabuni ya kufulia, Theuri akambeba dada yake mgongoni mpaka hospitali ya town, akiteremka na kupanda ile njia yote na damu ikimwingia kwa kiatu.

Dresa wa vidonda aliyewaona alikuwa anaitwa Kingori, mzee mmoja mwembamba wa miwani, hana haraka.

"Kidonda si mbaya," Kingori akasema. "Kitu mbaya ni mate. Kama mbwa iko na kichaa, na ugonjwa uanze kwa mtoto, hapo hakuna dawa, sitawadanganya. Sasa sikizeni. Mbwa ya kichaa haimalizi siku kumi. Tafuteni hiyo mbwa, mfunge, muilishe. Siku ya kumi ikiwa inakula na inakunywa maji, mtoto ako sawa. Ikianza kuwa mgonjwa, ama ikufe, ama ipotee, mnakuja hapa siku hiyo hiyo, na ni sindano kumi na nne. Moja kila siku. Hapa." Akamchora Wangechi na kidole kuzunguka kitovu, polepole, kama anaonyesha mtu shamba yake.

Wangechi akaangalia tumbo yake, akaanza kulia upya.

"Na musiiue," Kingori akaongeza. "Nawajua nyinyi. Mbwa ikiuma mtu mnaimaliza na mawe, halafu mnaniletea mtoto na hadithi."

Sasa uliza watu wa mtaa mbwa gani. Wangechi alisema ni mbwa ya rangi ya udongo. Mbwa zote za Ruring'u ni za rangi ya udongo. Hakuna mtu anaziangalia; zinapigwa teke bila kuangaliwa. Wanaume wakatoka na kamba, wakazunguka, wakarudi na maneno mengi. Ni Ngatia mwenye bucha alikuja jua likishuka, amevuta mbwa na kamba ya katani, jasho inamtoka.

"Ndiyo hii," akasema. "Nimeikuta kwa takataka ya soko. Bado iko na damu mdomoni."

Watiri karibu amshike miguu. Alimkalisha kwa kiti ya wageni, akampa chai ya maziwa tupu, na Ngatia akakunywa vikombe viwili, akasema, "Mama Theuri, wacha asante. Mimi pia ni mzazi." Jumapili Watiri akampelekea kuku. Kuku yenyewe ilikuwa inataga.

Wangechi hakuiona. Akisikia tu mbwa ikilia hata ya mbali alikuwa anajificha chini ya kitanda, kwa hivyo mama yake alimpeleka Kagio kwa tata yake, shangazi Waithira, akae huko mpaka siku kumi ziishe. Theuri akabaki na mgonjwa.

Alikuwa anaipatia githeri ya mahindi na maharagwe asubuhi na jioni, githeri ile ile yeye mwenyewe anakula, na ilikuwa inakula mpaka inatapika, halafu inakula yale matapishi. Theuri alikuwa anasimama hapo anaangalia, maana ameambiwa aangalie. Alikuwa anahesabu maji imekunywa. Alikuwa anaangalia mate, ni mengi, si mengi, ni ya kawaida? Siku ya tatu alijikuta anainama kunusa mdomo ya mbwa, akaenda nyuma ya nyumba akatema mpaka koo ikauma.

Na watu walikuja. Mtaa mzima ukawa na huruma, na huruma yao iko na mdomo. Mathenge, jirani wa kushoto, alikuwa anakuja na kikombe yake ya uji anakunywa akiangalia mbwa kama mtu ameenda sinema.

"Kijana, hii ningekuwa mimi ningeshaipiga nyundo."

"Ikikufa dada yangu anadungwa, mzee."

"Sindano si kifo. Na wewe umesoma, unaosha mbwa?"

"Siioshi. Nailisha."

"Ni kitu moja."

Theuri alikuwa anamwangalia Mathenge na kukumbuka mwezi wa nne, vile Mathenge aliweka watoto sita wa mbwa kwa mfuko ya sukari akaenda kuachilia kwa mtaro ya soko. Na si yeye peke yake. Hakuna nyumba hapo haijatupa mbwa. Mtu anachukua mbwa ndogo ya kulinda kuku, ikizaa anaimwaga, halafu kwa baraza ya chifu anainua mkono, ati kaunsili inafanya nini, mbwa zimejaa, watoto wetu wanaumwa. Kwa baraza ya wiki hiyo chifu akasema askari watakuja na bunduki Jumamosi ijayo. Watu wakapiga makofi. Theuri alikuwa nyuma, akatoka akaenda kulisha mbwa.

Siku ya saba Waithira akamleta Wangechi kutoka Kagio, abadilishwe bandeji. Mtoto alikuwa amenona kidogo. Akaingia kwa boma akishika sketi ya tata yake, akaona mbwa imefungwa kwa mti, akasimama. Theuri akangoja kilio. Kilio haikuja.

"Hii ni ya nani?" Wangechi akauliza.

"Si ndiyo hii ilikuuma."

"Siyo hii."

"Wangechi, angalia vizuri."

"Naangalia. Ile ilikuwa kubwa. Na ilikuwa inaburuta mnyororo, ilikuwa inalia kring kring. Ndiyo niligeuka."

Watiri alikuwa anachambua mboga. Sufuria ikamponyoka. "Mnyororo? Mbona hukusema mnyororo?"

"Hakuna mtu aliniuliza," mtoto akasema. "Mliniuliza rangi."

Mbwa ilikuwa inajikuna tu. Theuri alihesabu na vidole kama mtoto wa nasari. Jumanne mpaka Jumatatu. Siku saba alikuwa ananusa mdomo ya mbwa ambayo haijamfanyia mtu kitu, na ile ingine iko mahali, ama haiko. Mbwa ya kutupwa haivai mnyororo. Mnyororo mtu ananunua.

Akafungua kamba akaenda na hiyo mbwa moja kwa moja mpaka nyuma ya bucha, kichochoro ile dada yake aliumwa, mahali Wakonyo anaosha matumbo. Wakonyo alikuwa mwanamke mzee, anaosha matumbo ya ng'ombe kwa karai na kuuzia watu wa supu, na vipande vibaya anarushia mbwa. Watu walikuwa wanampita wameziba pua. Alipoona mbwa akacheka, meno mawili.

"Kaunsela," akaiita, na mbwa ikatikisa mkia mpaka kiuno. "Ulikuwa wapi wewe? Nilijua umeuawa."

"Shosho, unaijua?"

"Si huyu ni Kaunsela. Anapita nyumba kwa nyumba akitaka kitu, akipata humwoni tena. Huyu hawezi uma mtu, hata mfupa anauma kwa shida."

"Jumanne ya wiki jana alikuwa wapi?"

"Hapa kwa miguu yangu. Ngatia alikuja akamtia kamba, akampaka damu ya mbuzi hapa mdomoni. Nikamuuliza ni ya nini, akaniambia nioshe matumbo." Wakonyo akageuza matumbo ndani ya karai, maji ya kijani. "Hakuna mtu anakuja kuongea na mimi, mjukuu. Nikafikiri ni mambo yao ya wanaume."

"Na mbwa ya mnyororo?"

"Hiyo ni ya Ngatia, inaitwa Askari. Ile ya kulinda ngozi usiku. Tangu hiyo siku sijaisikia."

Bucha ilikuwa imejaa, saa saba, watu wa chakula ya mchana. Ngatia alikuwa nyuma ya meza anakata mbavu, aproni imeshika damu ya jana na ya leo. Mathenge alikuwa hapo pia, na mutura mkononi, ule utumbo wa kujazwa nyama na damu. Theuri akaingia na Kaunsela kwa kamba, na watu wakaanza kusema toa hiyo takataka hapa tunakula.

"Mzee Ngatia," Theuri akasema. "Askari ako wapi?"

Shoka ikasimama juu. "Askari gani?"

"Ya mnyororo."

"Iliibiwa."

"Mzee, mimi sikuja kukushtaki. Nataka kuiona tu. Kama iko hai, hata kama umeificha kwa ndugu yako Sagana, niambie, dada yangu apone. Imebaki siku tatu. Iko hai?"

Ngatia akafuta mkono kwa aproni, mbele na nyuma, na haikutoka safi. Akaangalia wateja. Akaongea na sauti ya chini, kama anataka Theuri peke yake asikie, lakini bucha nzima ilikuwa imeacha kutafuna.

"Niliimaliza hiyo Jumanne. Iko kwa shimo ya mifupa, na chokaa juu. Kijana, nisikize. Watu wa afya wakisikia bucha iko na mbwa ya kichaa, wanafunga hii mlango. Niko na watoto tisa. Nikasema, nikiwapelekea hii ingine, siku kumi zitaisha, mama yako atatulia, kila mtu atatulia."

"Na mtoto?"

"Mtoto ningemwombea."

"Ilikuwa mgonjwa?"

Ngatia akageuza mbavu juu ya meza.

"Mzee. Ilikuwa inakula?"

"Ilikuwa imekataa nyama," Ngatia akasema. "Siku mbili. Nairushia nyama, inaangalia. Maji pia. Halafu ikakata mnyororo."

Mbwa ya bucha imekataa nyama. Hapo hakuna mtu alihitaji dresa wa kumwelezea. Na Theuri, akiwa anangojea mtu mmoja aseme kitu, hata mmoja atupe sahani, aliona Mathenge akiangalia mutura yake, akiigeuza, na akiuma. Alitafuna polepole, macho chini, kama mtu wa kanisa.

"Sasa," Mathenge akasema na mdomo imejaa, "maneno ya nyumbani si muende mkaongelee nyumbani."

Theuri akampita Mathenge mpaka kwa meza. Alipoongea tena aliongea na Ngatia peke yake, na hakupaza sauti.

"Dresa anasema hiyo sindano mtoto anashikwa. Mama yangu hawezi, atazimia. Sisi tunaenda sasa hivi kwa ya kwanza. Kesho saa mbili asubuhi utakuwa hapo hospitali, utamshika miguu. Na kesho kutwa. Mpaka kumi na nne. Siku usipokuja, mimi sina kazi, kila mtu anajua. Nitasimama kwa hii mlango kuanzia asubuhi mpaka ufunge, na kila mtu akiingia namwambia mbwa yako ilikataa nyama."

Hiyo siku ya kwanza Theuri ndiye alimshika. Kingori alisikiza hadithi yote akitayarisha sindano, akatikisa kichwa mara moja. Kuhusu kuchimba ile shimo alisema hapana, kichwa ya mbwa imelala kwa chokaa siku saba haisemi kitu kwa mtu wa maabara.

"Tumechelewa?" Theuri akauliza.

"Mguu iko mbali na kichwa, na huu ugonjwa unapanda polepole. Hiyo ndiyo bahati yenu. Zaidi ya hapo sijui, na mtu akikuambia anajua, ni mwongo."

Wangechi alipiga kelele mpaka wagonjwa wa koridoni wakanyamaza.

Asubuhi ya pili saa mbili Ngatia alikuwa kwa mlango. Alikuwa amevaa koti ya kanisa na amenyoa. Watiri alimwangalia kama mtu anaangalia kitu imekwama kwa kiatu, akahamia upande wa kichwa ya mtoto, akamfunika macho na leso. Wangechi akaitoa.

"Sitaki kufunikwa," akasema. Halafu akaona nani amesimama kwa miguu yake. "Huyu ako na mafuta mikononi."

Kingori akamwonyesha Ngatia karai na sabuni. Ngatia akaenda akaosha. Akarudi. Mtoto akanusa, akasema bado, na Kingori akangoja, sindano imesimama, mpaka mzee wa watoto tisa akaosha mara ya pili, na ya tatu, hadi viwiko, maji ikimlowesha koti.

Halafu akashika ile miguu mbili nyembamba, moja na bandeji. Kingori akabana ngozi ya tumbo, pembeni ya ile alama ya jana iliyokuwa imevimba kama yai ya njiwa. Ngatia akafunga macho.

"Fungua," Theuri akamwambia. "Yeye hajafunga."