Kifundo Chekundu cha Hoyt

Miaka ishirini na mbili mimi na Hoyt tumezamisha miti pamoja. Kila Januari tunapita nyumba kwa nyumba kuokota miti ya Krismasi iliyotupwa, tunaifunga matofali ya zege, tunaitosa ziwani mahali tunapopajua sisi wawili tu. Krapi, samaki watamu wa ziwa letu, hupenda kujificha kwenye matawi yale. Mahali pale hata mwanangu sijamwonyesha, kwa sababu tulipeana mkono.

Aprili hii mke wangu, Oleta, alikuwa hali chakula wiki nzima. Dawa za saratani zilikuwa zimemuulia ladha ulimini. Jumatatu akaniambia, "Verlon, ningepata krapi wa kukaanga na unga wa mahindi, ningejaribu."

Mimi huyo kwa Hoyt, maana nyonga yangu ilinizuia kuvua tangu vuli naye ndiye aliyekuwa majini kila siku.

"Wameshuka, mzee mwenzangu," akasema. "Weka chambo pima tatu chini. Tena wagumu, hata mimi narudi mikono mitupu."

"Ni wa Oleta, Hoyt. Hali kitu."

"Masikini! Msalimie. Pima tatu, usisahau."

Nikavua pima tatu Jumanne, pale kwenye miti yetu. Jumatano pia, mvua ikininyea hadi kwenye soksi. Sikupata hata wa kumdanganyia paka. Kila jioni Oleta aliuliza kwa macho, nami nikamchemshia supu ambayo hakuinywa.

Alhamisi asubuhi nikamkuta Hoyt gatini. Alikwenda dukani kununua barafu, akaacha fimbo yake ya kuvulia ndani ya mashua. Mvuvi yeyote wa kwetu hufunga kifundo cha uzi kwenye mshipi ili chelezo kinachoelea juu kisipite hapo. Kina anachovulia kiko pale pale, wazi. Cha Hoyt ni chekundu. Nikanyoosha mikono kutoka kwenye kifundo hadi kwenye ndoana.

Pima moja. Moja tu!

Nikafunua sanduku lake. Lilijaa krapi, wanene, wengine bado wanapumua.

Krapi hatazami chini, jamani. Chambo kikimpita chini yake, hakijui. Siku mbili nzima nilikuwa navua chini ya matumbo yao, na Hoyt alijua.

Akarudi na barafu, akaniona nimeshika mshipi wake.

"Verlon, sikiliza... Jumamosi ni mashindano ya chama cha wavuvi. Nilitaka wasisumbuliwe pale kwenye miti. Siku chache tu."

"Nilikwambia ni wa Oleta."

"Chukua hawa basi. Chukua wote!"

"Kula mwenyewe, mnafiki mkubwa wewe!"

Nikaenda kwenye miti yetu, nikaweka pima moja. Kabla ya saa nne nilikuwa na tisa. Nilivua nikilia kwa hasira, mzee mzima.

Mchana nikamkaangia. Oleta alikaa kitandani, akamega kipande, akakitafuna muda mrefu sana. Hakikushuka. Akakitema taratibu kwenye kitambaa, akanishika mkono.

"Ungewahi juzi, ningemaliza sahani," akasema. "Lakini watamu, Verlon. Hoyt ndiye aliyekuelekeza?"

Nikaifunika sahani.

"Mpelekee waliobaki," akasema. "Huyo ndiye rafiki."