Waliosemewa Hadi Kaburini

Katika nchi ya Usemewa, mtu ambaye hajaoa wala kuolewa hakuwa na kauli. Njaa yake ilielezwa na baba yake, maradhi yake na shangazi yake, na fikira zake, pale ilipokubaliwa kwamba anazo, zilielezwa na mwalimu wake. Kila mwaka wajumbe wa Liwali Ghururi walikwenda mitaani kuuliza hali za vijana. Wakakirimiwa kahawa na haluwa, wakawahoji wazee, wakaandika kuwa vijana ni wazima, wakarejea zao. Desturi hiyo iliitwa adabu, na aliyeitilia shaka alikumbushwa kuwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Ikawa mwaka mmoja Skuli ya Tuamini inapungukiwa na wanafunzi. Mwalimu Mkuu Yakini, ambaye tangu azaliwe hakuwahi kusema "sijui", aliandika mbele ya jina la kila asiyehudhuria neno moja tu: mvivu. Miongoni mwa walioandikwa hivyo alikuwamo Nadra, msichana aliyekuwa akiketi dawati moja na Dadisi, binti wa fundi cherehani. Dadisi alimjua mwenziwe. Nadra alikuwa akifika skuli kabla ya mwenye funguo.

Basi Dadisi na wenzake sita wakashauriana, wakatunga maswali yao wenyewe, wakaenda nyumba kwa nyumba. Hawakwenda kama wajumbe; waliketi jikoni, wakachambua mchele pamoja na wenyeji, wakauliza, wakanyamaza wakasikiliza, na wakaahidi kutotaja jina la mtu. Katika nyumba tisini na nne, sitini na moja ziliwapa jibu moja: kuumwa na matumbo, baada ya kunywa maji ya birika la skuli. Wakaufuata mfereji wa birika hilo hatua kwa hatua, wakaukuta umepita chini ya machinjio.

Walipoomba kusikilizwa barazani waliambiwa wangoje, kwanza itafutwe sheria inayomruhusu mtoto kuuliza. Sheria haikupatikana. Ndipo wakaitwa, lakini waliitwa kama washitakiwa.

Liwali Ghururi hakugusa habari ya maji. Alitaka kujua nani aliwatuma, na ni nyumba zipi zilizothubutu kuwajibu.

"Mheshimiwa Liwali," akasema Dadisi, "waliotwambia walituamini. Niadhibu mimi. Majina yao si yangu hata niyatoe."

Yakini akashuhudia kuwa binti huyo ni mtovu wa adabu, na baraza likaelekea kumfukuza skuli. Hapo akasimama mwanamke aliyevaa nguo za msiba. Alikuwa Bi Stahamala, mama yake Nadra, ambaye alikuwa amemzika mwanawe juzi yake.

"Wazee wangu," akasema kwa sauti ya chini, "nyumba moja ni yangu, hiyo naitaja mwenyewe. Watoto hawa ndio watu pekee waliomuuliza mwanangu anaumwa wapi. Sikuja kudai kitu. Namwomba Mwalimu alifute lile neno alilomwandika."

Daftari likaletwa. Yakini akachukua kalamu, akautafuta ukurasa kwa muda mrefu, na akalikata lile neno kwa nguvu hata wino ukalifunika na jina lenyewe. Akaketi, akajifunika uso. Liwali alitazama huku na huku akitafuta wa kumsemea, asimwone.

Birika lilivunjwa wiki ile. Ikapitishwa kuwa vijana wawe na viti barazani, na kwamba kila jambo linalowahusu wachunguze wao wenyewe kabla halijaamuliwa. Siku ya kuvikalia viti hivyo, wazee walimwomba Dadisi afungue kikao kwa maneno ya shukurani.

Akasimama, akawatazama wote.

"Jibu tulikuwa nalo siku tisa kabla Nadra hajafa," akasema.

Kisha akaketi.