Midomo ya Bwana Pruitt

Shangazi yangu Odelia alitumia miaka minne kuandika riwaya ya kuchekesha kuhusu mwanamke wa posta anayewazidi akili wanaume wa mji mzima. Kitabuni mwanamke huyo hajaanguka hata mara moja. Kwenye filamu iliyotokana nacho ameanguka mara kumi na moja, mbili kati ya hizo ndani ya hori la farasi.

"Toa jina langu," shangazi alimwambia mwongozaji, Bwana Haskell, mlangoni mwa ukumbi wa sinema pale Toledo.

"Mama, watu watavunjika mbavu. Nenda kakae."

Akampa mgongo. Manyoya ya kofia ya shangazi yakatetemeka kwa hasira.

Sisi wanafunzi wa bweni la shule ya viziwi, wageni waheshimiwa wa shangazi, tulikalishwa mstari wa mbele. Filamu bubu ni mali yetu. Wenye masikio husoma maandishi kwenye pazia. Sisi husoma midomo.

Mwigizaji mkuu, Bwana Pruitt, akampigia goti mwanamke wa posta. Leso zikatolewa ukumbi mzima. Maandishi yalisema: "Mpenzi, moyo wangu ni barua yenye jina lako."

Midomo yake ilisema: "Haskell, mjinga we, nimepiga goti kwenye mavi ya farasi! Nani kaandika upuuzi huu?"

"Nani tena kama si yule bibi kizee wa kitabu?" midomo ya mwanamke wa posta ikajibu, machozi yakimlengalenga. "Fanya haraka, unanuka vitunguu."

Tulicheka mpaka mwenzetu Lemuel akadondoka kitini. Shangazi, ambaye anasikia vizuri, akaniuliza kwa ishara tunacheka nini. Nilimwambia bila kupunguza hata kitunguu kimoja.

Sikuwahi kuona mikono yake ikipiga kelele vile. "Sentensi ya barua ni ya Haskell! Yeye ajikwae, nitukanwe mimi? Andika yote!"

Niliandika kwa hati safi, kama nilivyofunzwa shuleni. Taa zilipowashwa, Haskell aliisoma karatasi, akasawajika.

"Mama yangu, tuelewane..."

"Mkasi," alisema shangazi.

Akaukata mwenyewe, mbele yetu, mkanda wa filamu wenye jina lake. Kisha Haskell akanyoosha mkono apewe karatasi.

"Chukua," shangazi akamjibu. "Hiyo ni nakala. Ya kwanza Lemuel ameshaifikisha kwa mhariri wa gazeti. Na jina lako tumeliandika kwa herufi kubwa."