Mjomba wa Kiti cha Nyuma

Kila Jumamosi ya kiangazi mji wa Savannah, kusini mwa Marekani, unakuwa wa koo za watu. Wanatoka Detroit, wanatoka Philadelphia, wanatoka Jacksonville, wamevaa fulana za rangi moja zenye jina la ukoo kifuani na majina ya mababu mgongoni, na kelele zao zinafika kabla yao. Ijumaa wanakaanga samaki, Jumapili wanakwenda kanisani, na Jumamosi, kati ya samaki na Mungu, wanakodi basi la kuwazungusha mjini. Ozella Gaskin ndiye aliyekuwa akiwazungusha. Basi lake lilikuwa jekundu, halina vioo ubavuni, naye aliliendesha huku akisimulia kwenye kipaza sauti kilichofungwa kichwani, kazi mbili kwa mtu mmoja.

Sasa, ukoo mkubwa una ugonjwa wake: hakuna anayewajua wote. Ukimkuta mtu mzima amesimama karibu na basi, rangi yake kama yako, pua yake kama ya marehemu babu, utamwulizaje yeye ni nani? Ni aibu. Itaonekana umekaa Detroit mpaka umewasahau ndugu zako. Basi unamkumbatia, unamwita binamu, na unampa fulana, maana hakuna ukoo usio na shangazi aliyeagiza fulana za ziada.

Kwa njia hiyo mzee Lemuel Delegal alikuwa na sanduku zima la fulana za watu asiowajua, za njano, za kijani, za rangi ya chungwa. Kila Jumamosi alikuja akasimama pembeni ya kituo na kofia yake ya majani, na kila Jumamosi ukoo fulani ulimwokota. Alipanda, akasalimia, akaenda kuketi kiti cha nyuma kabisa. Ozella alimwona kwenye kioo cha dereva. Hakumsemesha, na mzee hakumsemesha yeye.

Mzee huyo alikuwa mjomba wake, kaka wa mama yake, tumbo moja, toka nitoke.

Kisa chao ni kisa cha ardhi, na nani asiyekijua kisa cha ardhi? Kina Delegal walikuwa na shamba kusini mwa mji, kando ya kijito cha maji ya chumvi, lililonunuliwa na babu wa babu yao baada ya utumwa. Halikuwahi kugawanywa. Lilikuwa la wote, waliobaki na waliohama, na makaburi yao yalikuwa humo humo. Minnie, mkewe Lemuel, alipougua figo, Lemuel akauza fungu lake kwa kampuni ya kujenga nyumba. Alidhani anauza fungu lake tu. Lakini shamba lisilogawanywa, mwenye fungu moja anaweza kwenda mahakamani kudai liuzwe lote, na kampuni ikafanya hivyo hivyo. Shamba zima likapigwa mnada. Minnie akafa vile vile. Leo pale pana nyumba za matajiri na uwanja wa gofu, na ukitaka kuzuru kaburi la bibi yako unamwomba ruhusa mlinzi wa getini.

Mama yake Ozella hakumsamehe kaka yake, wala hakujaribu. Siku ya maziko ya mama huyo, Lemuel alisimama ng'ambo ya barabara, kanisa likiwa mbele yake, kofia mkononi, na hakuna aliyemwita avuke. Ozella alimwona, akapanda gari. Wahenga wanasema mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Wahenga hawakuuziwa makaburi yao.

Kumshusha mzee lilikuwa jambo rahisi. Asiye wa msafara hapandi, ndiyo sheria ya kazi, na neno moja lingetosha. Ozella hakulisema. Alikuwa akingoja siku wenye fulana watakapomshtukia wenyewe. Alitaka mjomba wake aaibike mbele ya watu kama yeye alivyouaibisha ukoo wao, lakini mkono wake Ozella usionekane. Alijua si jambo zuri, na aliendelea kulitaka.

Jumamosi ya kina Stinson wa Detroit fulana zilikuwa za rangi ya bilinganya.

"Binamu, mbona umekuja na shati la kwenda benki?" LaVerne alimwuliza mzee pale kituoni. Alikuwa mwanamke mnene wa furaha, mtoto mchanga begani na boksi la fulana miguuni. "Unavaa saizi gani?"

"Yoyote, mwanangu. Mwili wa uzee haukatai nguo."

"Chukua hii. Ilikuwa ya Curtis, ila Curtis kanenepa, haimpiti hata kichwani."

"Nimekusikia, LaVerne," sauti ya Curtis ikatoka ndani ya basi.

"Nimesema ili usikie."

Wakaondoka. Ozella akawapitisha kwenye viwanja vyenye mialoni mikubwa, ile inayoning'iniza ndevu za kijivu za mimea hadi karibu na vichwa vya watu. Akawaonyesha ukuta uliojengwa kwa chokaa na maganda ya chaza. "Na mikono iliyoujenga ilikuwa ya nani?" akauliza. "Ya kwetu," basi zima likajibu. Curtis akataka kujua kama nyumba ile yenye ngazi ndefu ina mizimu.

"Nyumba zote za hapa zina mizimu, kaka," Ozella akasema. "Isipokuwa ile ya pembeni. Kiyoyozi chake kimeharibika, mizimu imehama."

Wakacheka, na huko nyuma wakarudi kwenye jambo lao kubwa la siku, nalo ni nani aliyetia zabibu kavu kwenye saladi ya viazi jana usiku. LaVerne alimshuku mke wa Curtis. Mke wa Curtis alisema kwao ndivyo wanavyokula. Ugomvi ukapelekwa kwa mzee wa kiti cha nyuma, ambaye kwa wakati huo alikuwa amepakata mtoto wa LaVerne na kumpepea kwa kofia.

"Mtu anayetia zabibu kwenye viazi," mzee Lemuel akasema taratibu, "msimgombeze. Mwombeeni."

Basi likaangua kicheko. Ozella nusura acheke naye. Mama yake alikuwa na uchekeshaji huo huo, wa kusema jambo kwa uso mkavu kama anasoma tangazo la msiba. Akawatazama kwenye kioo, wageni wa Detroit wakimgombea mjomba wake, huyu anampa soda, yule anamwekea mto mgongoni, na akawaonea wivu. Ulikuwa wivu mtupu, hauna jina jingine, na ulimkasirisha kwa sababu hakuwa na haki nao.

Mwisho wa ziara ni mtoni, penye sanamu ya shaba ya familia yenye minyororo iliyokatika miguuni. Hapo koo nyingi hushuka kuwamwagia maji wafu wao. Kina Stinson walikuwa na milango mitatu, yaani matawi ya ukoo, wa Moses, wa Ruth na wa Pearl, na desturi yao ilikuwa mkubwa wa kila mlango ashike kikombe, amwage, ataje majina, na wote waitikie, "Yuko nasi." Aliyesimamia alikuwa Bi Earlene, bibi wa fimbo na kofia ya kanisani, ambaye kwake kila mtu alikuwa mtoto.

Mlango wa Ruth aliumwagia mwenyewe. Baba yake Curtis akaumwagia mlango wa Moses. Mkubwa wa mlango wa Pearl alikuwa amebaki hotelini na miguu iliyovimba, kwa hiyo Bi Earlene akatazama huku na huku, akamwona mzee Lemuel.

"Wewe ndiye mwenye mvi nyingi. Njoo uwamwagie kina Pearl."

"Waache vijana, mama."

"Vijana watamtaja nani? Hawajui hata kaburi la babu yao liko upande gani. Njoo."

LaVerne akakunja uso. "Shangazi, huyu si wa Pearl. Sisi wa Pearl tunajuana. Huyu ni wa Moses."

"Wa Moses?" Curtis akasema. "Mimi ndiye wa Moses. Nilijua ni wa Ruth."

"Ruth ndiye aliyenizaa mimi," Bi Earlene akasema, "na huyu sikulala naye kitanda kimoja utotoni."

Meli ya makontena ilikuwa ikipita mtoni, kubwa kuliko majengo, na watu walijifanya kuitazama. Bi Earlene hakujifanya. Alimsogelea mzee, akamwuliza lile swali ambalo huko Kusini mtu huulizwa kabla hata ya jina lake, na jibu lake ndilo linaloamua kama utavutiwa kiti.

"Baba, watu wako ni kina nani?"

Ozella alikuwa amesimama mlangoni mwa basi. Siku aliyoingojea ilikuwa hiyo. Akamwona mjomba wake akigeuka kuutazama mto, akimpa mgongo yeye na basi lake, ili mtu yeyote asiyafuate macho yake na kumwona Ozella mwisho wa njia.

"Sina watu, mama," mzee akasema. "Nilikuwa nao, nikawauza. Mnisamehe. Soda yenu ilikuwa tamu."

Akaanza kuivua fulana ili awarudishie. Ilikuwa kubwa, ikamfunika kichwa, kofia ikaanguka. Alibaki hapo na singlendi yake, mbavu nje, akihangaika ndani ya kitambaa cha bilinganya, na kijana mmoja wa kina Stinson akacheka.

Ozella alikuwa ameifikiria aibu hiyo mara nyingi na kila mara ilikuwa tamu. Sasa ilipokuja alisikia tu hasira, na hasira yenyewe haikwenda kwa mjomba. Ilikwenda kwa yule kijana. Anamchekaje? Anamjua? Kabla hajajua anafanya nini alikuwa ameshavuka mawe ya gatini, ameikamata fulana, ameishusha hadi kiunoni kama anayemvisha mtoto.

"Vaa nguo, mjomba," akasema. Akawageukia kina Stinson. "Anadanganya. Ana watu. Huyu amenyonya titi moja na mama yangu."

"Na wewe upo mbele muda wote unaendesha, kimya?" LaVerne akauliza.

"Hatusemeshani."

"Hamsemeshani, naye kapanda basi lako?"

"Anapanda kila Jumamosi."

Curtis akajishika kiuno. "Dada, mimi kuna mtu nina ugomvi naye. Simwendeshi mjini."

Baadhi yao wakacheka, safari hii kwa wema, lakini Ozella hakutaka wamchukulie mjomba wake kuwa malaika. "Aliuza shamba letu," akamwambia Bi Earlene. "Na makaburi yetu yakiwa ndani. Mama amekufa hajamsemesha."

Bi Earlene akaegemea fimbo yake. Hakuonekana kushangaa. "La kwetu nalo liliuzwa," akasema. "Aliyeuza tulikubaliana tusimtaje. Alifia Toledo peke yake, na jina lake halimo migongoni mwetu. Kila mwaka nashika kikombe hiki, na kila mwaka nikifika kwake namruka." Hakusema kama anajuta. Alijaza kikombe, akakiweka mkononi mwa mzee Lemuel. "Maji yapo. Mwagieni wa kwenu."

Mzee akamwaga kidogo, akamtaja baba yake. "Yuko nasi," kina Stinson wakaitikia. Akamtaja mama yake, akamtaja Minnie, akawataja ndugu wawili waliokufa wadogo. Kisha akaishia hapo. Maji yalibaki kikombeni.

"Endelea," Ozella akasema.

"Huyo mwingine siwezi. Nani kanipa ruhusa?"

Tusidanganyane: Ozella hakuwa amemsamehe. Shamba lilikuwa limekwenda, na gofu inachezwa juu ya bibi yake hadi leo. Lakini alimtazama mzee huyo mwenye fulana iliyompwaya na akaona jambo ambalo kwenye kioo hakuwahi kuliona, kwamba hakuna mwingine tena duniani aliyemjua mama yake akiwa msichana. Akifa huyu, utoto wa mama umekufa.

"Mimi nimekupa," akasema. "Mtaje."

Mzee akamwaga maji yote kwa mkupuo. "Dada yangu Cleotha," akasema. "Cooter wetu."

"Nani?" Ozella akauliza. Cooter ni kobe, yule wa madimbwini.

"Ndilo jina tulilomwita nyumbani. Hakukwambia? Alikuwa akikasirika anaingiza kichwa ndani ya gauni, miguu anaikunja, anakaa hapo hapo chini. Hata chakula hataki. Hatoki mpaka mimi niende nimwombe." Akafuta uso kwa ukosi wa fulana ya Curtis. "Safari hii nilimwomba miaka mitano, mwanangu. Nilimwomba mlangoni, nilimwomba kwa simu. Hakutoka."

Kina Stinson hawakumjua Cleotha. Waliinamisha vichwa, wakaitikia kama walivyowaitikia wa kwao, "Yuko nasi," na Ozella akaitikia nyuma yao, amechelewa, ameushika mkono wa mjomba wake wenye kikombe kitupu.