Helikopta ya Nyakarembe

"Sasa unataka nifanye nini, shemeji? Nimfuate mgeni porini nimmwage chini?"

"Ndiyo," alisema Kebirungi. "Mmwage polepole kama mifupa yake ni laini."

Ndyanabo, mdogo wa marehemu mume wa Kebirungi na mwenyekiti wa chama cha machela cha kilima cha Nyakarembe, aliweka chini kikombe chake cha togwa. Walikuwa wakigombana tangu saa mbili na nusu, mbele ya kibanda cha chama, hatua thelathini kutoka lango la hifadhi, na kila mmoja alikuwa ameshasema alilotaka kusema mara tatu. Kyarisiima, mke wa Mujuni, mwana wa Kebirungi, alishikwa na uchungu jana jioni. Asubuhi hii muuguzi wa zahanati alimpapasa tumbo akasema mtoto amekingama, hatatoka kwa kusukumwa, lazima mama apasuliwe. Mpasuaji yuko hospitali iliyo ng'ambo ya msitu. Daraja la barabarani lilisombwa na mvua za Aprili. Kilichobaki ni machela.

Machela ya chama ilikuwa msituni. Ilikuwa imembeba mgeni mwenye goti bovu aliyekuja kuwaona sokwe. Wageni waliiita helikopta, na siku hizi hata watoto wa Nyakarembe waliiita hivyo. Ilikuwa imefungwa kiti cha turubai, mto, na mfuko wa kutilia chupa ya maji.

"Mgeni ameagiza tangu mwezi wa tatu," alisema Ndyanabo. "Kyarisiima ameagiza lini?"

"Miezi tisa iliyopita. Lile tumbo hukuliona likipita hapa?"

"Usinifanyie mzaha. Kambi ya wageni ikikasirika itanunua machela yake, na vijana watakula nini? Na hata ningekuwa nayo hapa, wabebaji ningewatoa wapi? Wote wako juu. Mujuni wako mwenyewe yuko juu, ameshika mbele kulia."

"Aliondoka kabla muuguzi hajasema."

"Basi. Ndiyo hivyo."

Nyakarembe kulikuwa na sheria moja ambayo hakuna aliyewahi kuiandika: aliyebeba atabebwa. Yowe la machela likipigwa, mwanaume anayelisikia anaacha jembe, anaacha kikombe, anaacha hata ugomvi, anakwenda. Asiyekwenda, siku yake ikifika atajibeba. Ndyanabo mwenyewe alibeba miaka ishirini na miwili mpaka nyonga ikamkataa. Kwa hiyo aliposema ndiyo hivyo, alikuwa akitazama kikombe.

Kebirungi hakurudia mara ya nne. Alikwenda nyumbani, akapanda kigoda, akashusha kutoka dari ya jikoni machela ya zamani, kikapu kirefu cha mianzi kilichompeleka mumewe Kanyima kaburini miaka sita iliyopita. Alikipangusa masizi kwa gunia. Alikiweka uani, akasimama ukingoni mwa migomba, akapiga yowe mara tatu, kama inavyotakiwa.

Waliokuja walikuwa wanane, na walitokea upande wa chini wa migomba, kwenye makaburi. Mbele alikuwa Kanyima na koti la kahawia alilozikwa nalo. Nyuma yake alikuja Bafokuzara aliyeanguka mtini, kisha ndugu wawili waliouawa na radi siku moja, na wengine wanne waliobeba machela kilimani hapo enzi ambazo msitu ulikuwa bado njia. Hakuna aliyekuwa amewatoa kwenye chama, kwa hiyo zamu yao ilikuwa bado inawafikia. Jirani mmoja alisogeza mbuzi wake ili wapite.

"Umechelewa," Kebirungi alimwambia mumewe.

"Yowe lako limekuwa dogo. Unazeeka. Mgonjwa yuko wapi?"

Kyarisiima alipomwona baba mkwe wake alivuta shuka akajifunika uso, kama adabu inavyotaka. Kanyima naye alitazama pembeni wakati wakimlaza kikapuni.

"Tunakusumbua, baba," alisema kutoka ndani ya shuka.

"Nimelala miaka sita, mkamwana. Inatosha."

Wakamwinua. Wafu hawakuuliza njia. Waliijua moja tu ya kwenda hospitali, ile iliyokatiza msituni, waliyoipita miaka yote kabla ya hifadhi kupimwa. Kebirungi aliwafuata na begi lenye khanga mbili, wembe mpya, uzi, na chupa ya uji.

Langoni askari wa hifadhi alisimama akawazuia. Bila kibali hakuna kuingia. Kisha akawaangalia wabebaji vizuri, akafungua kitabu cha kanuni, akakipekua mpaka mwisho. Wafu hawakutajwa. Hawapumui, alisema, kwa hiyo hawawezi kuwaambukiza sokwe mafua. Hao hana neno nao. Lakini hawa wawili wanapumua.

"Mgonjwa anakohoa?" aliuliza.

"Mtoto wake amekingama tumboni."

"Hilo halimo humu. Nauliza kikohozi."

"Hakohoi."

"Hata hivyo hana kibali, mama. Mimi nitaulizwa."

Bafokuzara, babu mzaa mama wa askari huyo, alimtazama miguuni akamwambia afunge kamba za buti, aache kutembea kama mlevi. Askari akainama akafunga. Alipoinuka, mti wa lango ulikuwa tayari umeinuliwa na machela ilikuwa upande wa pili. Aliwakimbilia akawapa barakoa mbili.

Njia ilikuwa imeota miti kwa miaka thelathini na zaidi. Kebirungi hakuona dalili yake yoyote, ila miguu ya wabebaji iliikanyaga bila kusita, kushoto ya mwamba, chini ya mti uliolala, kulia penye matope. Hawakuhema. Ndani ya kikapu Kyarisiima alikuwa akihesabu machungu kwa sauti. Alipofika arobaini na moja akaacha kuhesabu.

"Endelea kuhesabu," alisema Kebirungi.

"Yamepoa, mama."

"Sikukuuliza kama yamepoa."

Saa nne na nusu walifika kijito cha Nyabugando, wakawakuta sokwe wamekaa katikati ya njia wakila majani. Dume kubwa lenye mgongo mweupe lilikuwa limelala chali. Hatua kumi kutoka hapo walikaa wageni wanane wenye barakoa, na mwongozaji wao Betubiza akiwa na saa mkononi na redio kiunoni. Aliinua kiganja.

"Simameni hapo hapo. Wageni ni wanane kwa kundi, saa moja. Ninyi mnazidi. Zimebaki dakika arobaini."

Dume lile liliinua kichwa likawatazama wabebaji. Likainuka bila haraka, likamvuta mtoto mmoja kwa mkono, likaenda kukaa pembeni, nao wengine wakalifuata. Sokwe na wafu walikuwa wakifahamiana tangu zamani.

"Sokwe amepisha," alisema Kebirungi.

"Sokwe hana bosi," alisema Betubiza. Hakusogea.

Wafu walitua machela, lakini si kwa sababu yake. Kijito kilikuwa mpaka. Tangu mababu, kila kilima kilibeba mgonjwa mpaka kijito chake, kisha watu wa ng'ambo wakaitwa, wakampokea. Kanyima alisimama ukingoni akaita. Akaita tena. Watu wa ng'ambo walikuwa wamehamishwa mwaka ule hifadhi ilipopimwa, na waliondoka na kila kitu, hadi mifupa ya wafu wao kwenye magunia. Hakuna aliyeitika.

"Sisi mwisho wetu hapa," alisema Kanyima. "Ng'ambo hatukuzikwa."

Kebirungi alifunua shuka. Midomo ya Kyarisiima ilikuwa ya rangi ya majivu. Macho yalikuwa wazi, lakini hayakumfuata.

Chini ya mti, kando ya helikopta tupu, wabebaji wanane walio hai walikuwa wakila viazi vitamu vya baridi. Mujuni alikuwa mmoja wao. Aliinuka na kiazi mkononi, akamwona mama yake, akamwona mke wake kikapuni, akamwona baba yake.

"Baba," alisalimia.

"Umekonda," alisema Kanyima.

Mujuni akaweka kiazi chini. Alimtazama Tibenda, kiongozi wa zamu, naye Tibenda akamtazama mgeni. Mgeni huyo alikuwa bibi mwenye nywele nyeupe, ameketi kwenye kigoda, goti limefungwa bendeji. Alikuwa ameacha kuwapiga picha sokwe. Alimwuliza Betubiza jambo.

"Anauliza kama hawa wazee ni kikundi cha utamaduni."

"Mwambie ni wabebaji," alisema Kebirungi. "Mwambie watamrudisha yeye mpaka langoni kwenye kikapu hiki. Hawatelezi na hawaombi kupumzika. Sisi tunachukua helikopta."

"Mama Mujuni, wewe! Mkataba wa helikopta..."

"Mkataba unasema imlete mtu na imtoe mtu. Humu kuna mtu. Mwambie."

Betubiza akatafsiri. Mgeni aliinuka kwa fimbo yake, akasogea mpaka kwenye kikapu, akaangalia ndani kwa muda. Akasema maneno machache. Betubiza hakutafsiri.

"Amesema nini?"

"Amesema mbona hakuambiwa."

"Umemjibu nini?"

"Nimemjibu kwamba hakuuliza."

Mgeni alivua barakoa, akaivaa tena, kisha akaanza mwenyewe kutoa chupa yake na mto wake kwenye helikopta. Mto akaurudisha. Mujuni na mama yake walimhamisha Kyarisiima, mmoja kichwani, mmoja miguuni. Hakulia wakimwinua, na hilo halikumpendeza Kebirungi.

Betubiza alikuwa ameshaita kwa redio. Sauti ya Ndyanabo ilitoka katikati ya mikwaruzo.

"Shemeji, unanisikia? Helikopta irudi leo leo. Kesho saa moja nina magoti mawili ya wageni. Unanisikia?"

"Nakusikia."

Mikwaruzo. "Kaka yuko hapo?"

"Yuko."

Betubiza aliigonga redio akidhani betri imekwisha. "Mwambie namsalimu."

Kanyima alikuwa akimfunga mgeni mkanda wa gome kiunoni asiteleze.

"Na kesho Kyarisiima mwingine akiugua?" Kebirungi aliuliza redio.

"Kesho nina magoti mawili," ilisema redio.

Vijana walishika nafasi zao. Tibenda hakusogea. Alikuwa ametia sahihi kumrudisha bibi huyu akiwa mzima, alisema, na angemrudisha, hata kama anabebwa na wafu. Atatembea nyuma yao. Hakuna aliyemlaumu. Lakini nafasi yake ya nyuma kushoto ilibaki wazi, na ng'ambo kulikuwa na mpando wa saa mbili.

Kebirungi alivua barakoa akaitia mfukoni. Alifunga begi mgongoni kwa khanga, akaenda nyuma kushoto.

"Mama," alisema mmoja wa vijana, "wanawake hawashiki machela."

"Basi geuza uso wako."

Kijana akageuza uso. Kanyima alikuja nyuma yake, akakunja gunia lililokuwa kikapuni, akamwekea begani chini ya mti wa machela. Mkono wake ulikuwa baridi kama wa mtu aliyetoka kufua.

"Usikaze shingo," alimwambia. "Na ukichoka usiseme. Ukisema, wote wanachoka."

"Mbona hukuniambia hivyo miaka yote?"

"Hukuwahi kubeba."

Wageni saba walikuwa wamerudi kuwatazama sokwe. Zilibaki dakika ishirini na sita. Kanyima alisimama ukingoni akaita ng'ambo mara ya tatu, kwa sababu desturi inasema mara tatu. Walisubiri kadiri inavyostahili kusubiri.

"Inueni," alisema Kebirungi.

Wakainua, wakaingia majini.