Mzee Namba na Mita Zinazosikiliza
Simu iliita saa nne asubuhi, Fundi akiwa ameinamia mita mbovu karakanani. Alikuwa mama yake, na alikuwa ananong'ona.

"Njoo umwone baba yako. Ameifunga mita ya umeme kwa blanketi."

"Blanketi gani?"

"Lile zito la kahawia. Amelizungushia na kamba, utadhani kuna mgonjwa wa baridi pale ukutani. Na tukitaka kuongea jambo la maana, lazima twende bafuni tufungue bomba."

"Sasa hivi uko wapi, mama?"

"Niko bafuni," mama alisema, na kweli Fundi akasikia maji yakichuruzika.

Alitaka kucheka, ila akakumbuka jinsi mita inavyoshika joto ikifunikwa, na jinsi waya za nyumba ile zilivyozeeka. Akaahidi kufika Jumamosi.

Jina hilo la Fundi alipewa na baba yake akiwa na miaka saba, siku aliyoifungua redio ya nyumbani vipande vipande na kuirudisha ikiongea vizuri kuliko mwanzo, ingawa skrubu mbili zilimbakia mkononi. Jina likamganda mpaka leo, mwanamke wa miaka thelathini na tisa anayepima na kutengeneza mita katika karakana ya shirika la umeme. Baba yake naye alikuwa wa shirika hilo hilo. Kwa miaka thelathini na moja alizunguka nyumba kwa nyumba na daftari, akisoma mita. Alikuwa akifika mlangoni anaita neno moja tu, "Namba!", na watu wanafungua bila hata kuuliza nani. Ndiyo maana mji mzima ulimwita Mzee Namba.

Mita za zamani zilikaa mahali pa ajabu: nyuma ya kabati la jikoni, chini ya ngazi, ndani ya vyumba vya kulala. Kwa hiyo Mzee Namba aliingia ambako hata mashemeji hawakuingia. Akiwa amechuchumaa na tochi yake, watu walimwambia mambo. Mtoto amefaulu. Mume hajarudi tangu Jumanne. Daktari ameona uvimbe. Yeye alisikiliza, akaandika namba zake, akasema maneno mawili ya kumtia mtu moyo, akaenda. Nyumbani hakusimulia hata moja. Mkewe akimchokonoa, alijibu, "Mimi nasoma namba tu."

Kisha zikaja mita mpya, zinazotuma namba zenyewe ofisini. Mzee Namba na wenzake arobaini waliitwa ukumbini, wakapewa soda, cheti na mkono wa kwaheri. "Mita sasa zinajisoma!" mkubwa mmoja alisema, na ukumbi ukacheka. Alirudi nyumbani kabla ya chakula cha mchana, akautundika mkoba wake nyuma ya mlango, akakaa.

Mwaka wa kwanza aliongea kidogo sana. Wa pili akaanza kushinda kwa kinyozi, mahali wazee wanapokaa hata wale ambao kichwani hakuna tena cha kunyoa. Huko ndiko mmoja wao alipowachezea kwenye simu video ya mtu mwenye sauti ya upole, akieleza kwamba mita mpya zinasikiliza maongezi ya ndani ya nyumba na kuyapeleka kwa watu fulani, mbali. Wengine walisikia, wakaguna, wakarudi kwenye habari za mpira. Mzee Namba aliomba aonyeshwe tena. Akaenda na maneno yale nyumbani kama mtu aliyeletewa habari za ndugu yake aliyepotea.

Jumamosi ile Fundi alifika na mfuko wenye mita ya aina mpya ndani, moja ya zile zilizoungua na kuandikwa kuwa hazitengenezeki. Alikuwa ameomba ruhusa kwa mkuu wake, akapewa. Njiani alikuwa ameshapanga maneno. Baba yake si mjinga, alijiambia. Akiona kwa macho yake, yatakwisha.

Kwanza alilifungua lile blanketi. Baba akasimama kando, mikono nyuma, kama mwenye nyumba anayetazama polisi wakipekua.

"Baba, hili lingewasha moto."

"Nililipima kwa mkono kila saa," alisema. "Joto lilikuwa la kawaida."

Fundi akatandaza gazeti juu ya meza ya kulia, akatoa bisibisi, akaifumua mita mpya. Akamwonyesha kimoja kimoja. Hapa umeme unaingia. Hapa unapimwa. Hiki ndicho kinachohesabu. Hii ndogo kama ukucha ndiyo inayotuma namba. Mzee alivaa miwani, akainama mpaka kipara chake kikagusana na nywele za bintiye, akauliza maswali ya mtu anayejua kazi. Hii inatuma mara ngapi? Ikikatika njiani inatuma upya? Kwa robo saa walikuwa kama zamani, wawili juu ya redio moja. Mama aliwaletea chai, akakaa pembeni, usoni ana matumaini.

"Sasa niambie, baba," Fundi alisema. "Kinasa sauti kiko wapi?"

Mzee alivua miwani. "Humu hakimo."

"Haya!"

"Humu. Hii wamekupa wewe uje unionyeshe. Ningekuwa wao, na mimi ningefanya hivyo hivyo."

"Hakuna aliyenipa! Niliichagua mwenyewe kutoka kwenye lundo!"

"Na nani alilipanga lundo?"

Mama akaangua kicheko, akajifunika mdomo. "Mume wangu," alisema, "kama hiyo mita inasikiliza, iache. Itakuwa ndicho kitu pekee humu ndani kinachonisikiliza."

Lakini Fundi hakucheka. Wiki nzima alikuwa amebeba jambo hili kichwani, na sasa uchovu ukamtoa maneno ambayo hakuyapanga. "Baba, hebu fikiri. Wewe na mama mnaongea nini hapa? Magoti, bei ya nyanya. Nani duniani ana haja ya kuwasikiliza ninyi?"

Mzee Namba alianza kukusanya vipande vya mita, kimoja kimoja, akivirudisha mfukoni taratibu kama vitu vya mtu mwingine vinavyostahili heshima. Kisha akaingia chumbani, na mlango ukafungwa bila kishindo. Afadhali angeubamiza.

"Umemshinda," mama alisema. "Umefurahi sasa?"

Kwa muda wa wiki mbili mzee hakupokea simu ya bintiye. Mama alisema hajalirudisha blanketi, ila bafuni bado wanakwenda.

Wiki ya tatu, Fundi alipewa mita ya kukagua mjini. Ilikuwa katika jengo la zamani la ghorofa nne, na kwa siku tisa ilikuwa ikituma sifuri. Ofisini walidhani imeharibika. Alipofungua kabati la mita pale chini, akaona mita ni nzima kabisa. Swichi kuu ya nyumba moja ya juu ndiyo iliyokuwa imejizima. Akaiwasha, na ili kuhakikisha, akapanda ngazi.

Alifungua bibi mmoja mfupi, macho yana ukungu, mkono mmoja umeshika ukuta. Nyuma yake redio ilikuwa imeanza kupiga kelele, na yeye alikuwa anatabasamu kwa ajili ya redio ile.

"Umeme umerudi!" alisema. "Safari hii wametukomesha. Mji mzima siku zote hizi!"

"Haukukatika mji mzima, bibi. Ni hapa kwako tu. Hukuuliza majirani?"

"Wa hapa mbele wamesafiri. Na ngazi siziwezi tena." Bibi aliguna. "Nikasema si neno, mwisho wa mwezi atakuja mtu wa namba, nitamwambia."

"Bibi, watu wa namba hawaji tena. Ni mwaka wa tatu huu."

"Ndivyo wanavyosema," bibi alisema kwa upole, kama mtu asiyetaka kubishana na mgeni. "Mimi nilikuwa mkunga, mwanangu. Huwa sikati tamaa mapema. Yule bwana alikuwa ananisomea barua za binti yangu wa ng'ambo. Anakaa pale, kwenye kiti kile, anasoma mara mbili. Ya pili anasoma polepole zaidi. Barua zinakuja bado. Naziweka tu."

Alimwonyesha. Zilikuwa droo nzima, bahasha hazijafunguliwa.

Fundi hakurudi karakanani. Alipanda basi moja kwa moja mpaka kwa wazazi wake, akamkuta baba yake amekaa sebuleni peke yake, mama ametoka. Hakumsubiri aamue kama wanaongea au hawaongei. Alimsimulia yote, tangu sifuri ya kwanza mpaka ile droo.

Mzee alisikiliza bila kumkata. Mwishoni aliuliza, "Siku tisa?"

"Siku tisa."

"Na mita ilikuwa inatuma?"

"Kila saa. Sifuri, sifuri, sifuri. Na sisi tukaona ni namba tu. Nilikuambia hazisikilizi, baba. Nilidhani nakupa habari njema."

Mzee Namba alitazama ukutani, ilikokuwa mita, wazi, bila blanketi. Alipoongea, hakunong'ona.

"Niliacha nyumba elfu moja na mia mbili. Nazijua zote. Yule wa nyumba ya kijani mwanawe ana kifafa. Yule wa mkabala na shule hulia akiosha vyombo. Wakaniambia, nenda nyumbani, kuna kitu kitashika nafasi yako. Nikawa nakaa hapa najiuliza, sasa hicho kitu kinawasikia? Kisha kwa kinyozi nikaona ile video. Yule bwana anasema, ndiyo, kinasikia kila kitu. Kwa nia mbaya, sawa. Lakini nilishusha pumzi, Fundi wangu. Niseme kweli. Siku ile nililala."

Jumamosi ile Fundi alikuwa amekuja na vipande vya mita, akajibu swali ambalo baba yake hakuwa ameuliza.

"Nisamehe kwa yale maneno," alisema. "Ya nani ana haja."

"Yaliniuma," mzee alikiri. "Kwa sababu na mimi nilikuwa najiuliza hivyo hivyo." Akafuta uso kwa kiganja, mara moja, kwa haraka, kama anayefuta jasho. "Huyo mkunga ana barua ngapi?"

"Hata sikuhesabu. Droo imejaa."

"Binti yake ana mwandiko mbaya sana. Mtu mwingine hawezi kuusoma." Alikuwa ameshasimama, anatafuta viatu.

Siku ile alikaa kwa mkunga mpaka saa kumi na mbili jioni, wakafika nusu ya droo. Kesho yake alirudi kumalizia. Wiki iliyofuata akapita nyumba ya kijani, "nikiwa tu nakatiza huko", kisha ile iliyo mkabala na shule. Wengine walishangaa, wengine wakamkumbatia mlangoni. Mmoja alimfungia mlango usoni, akidhani anauza kitu, na mzee alilisimulia hilo nyumbani huku akicheka mpaka machozi. Asubuhi hakuonekana tena nyumbani kwa urahisi. Mama alilalamika kwamba sasa ana mume wa mtaa mzima, lakini alimpigia pasi mashati.

Fundi alipoleta ombi ofisini kwamba mita ikituma sifuri siku mbili mfululizo mtu atumwe kubisha hodi, walimjibu kwamba watalifikiria. Bado wanalifikiria. Yeye mwenyewe kila Ijumaa huandika kwenye karatasi anwani za sifuri, kisha humpigia baba yake simu.

Miezi kadhaa baadaye alipita kwa kinyozi kumfuata mzee, akamkuta kwenye kiti, shingoni kitambaa cheupe, kinyozi akimpunguza zile nywele chache za kando. Wazee walikuwa wamerudi kwenye habari ile ile, mmoja ana video mpya.

"Mzee Namba, wewe ndiye mtaalamu," kinyozi alisema. "Hizi mita bado zinatusikiliza?"

Fundi alisimama mlangoni. Mzee alimwona kwenye kioo. Akafikiri kidogo.

"Zilikuwa zinasikiliza," alisema. "Hilo sitabadilisha. Lakini wameacha. Waliona tumewashtukia."

Wazee wakatikisa vichwa, wameridhika. Ulimi wa Fundi ulimwasha. Alikuwa na majibu matatu, yote sahihi, na bisibisi ndani ya mkoba.

"Umechelewa, baba," alisema. "Kuna sifuri mbili leo. Moja iko mbali."

Mzee Namba akavua kitambaa shingoni mwenyewe, upande mmoja wa kichwa umenyolewa na mwingine bado, akamwambia kinyozi atarudi kumalizia, akamshika bintiye mkono wakatoka.