Mlezi wa Muziki wa Kufokafoka

Baba Mdogo alipokaribia kustaafu, kituo chake cha redio kilibandika bango barabarani: anaagwa Mlezi wa Muziki wa Kufokafoka. Mwalimu, binti wa kaka yake, alilisoma akitoka kazini, akacheka peke yake mpaka wapita njia wakamkodolea macho.

Kama yule ni mlezi, basi fisi naye ni mlezi wa mbuzi. Miaka ile vijana walipoanza kupeleka rap redioni, kila wimbo ulipitia kamati, na mwenyekiti wa kamati alikuwa yeye. Wimbo ukikataliwa hakuurudisha. Aliukata mkanda kwa wembe, mwenye wimbo akiwa amesimama anatazama. Hata wimbo wa Radi, kaka yake Mwalimu, aliukata vivyo hivyo, damu yake mwenyewe. "Huu si muziki, ni ugomvi," alimwambia. Radi aliendelea kukaa kando ya redio kila Jumamosi, eti huenda wamebadili mawazo. Maradhi yalimchukua angali anasubiri.

Baadaye dunia ikageuka, na Baba Mdogo akageuka nayo, maana kinyonga hafundishwi rangi. Watoto wa wakubwa walipoicheza rap kwenye sherehe zao, akairuhusu nusu saa. Wauza sabuni walipogundua inauza sabuni, ikapewa asubuhi nzima. Wanasiasa wakaikodi, maprofesa wakaiandikia vitabu, na juzi juzi waziri mmoja mwenye kitambi alifoka jukwaani, akaishiwa pumzi mstari wa pili, na bado akapigiwa makofi. Kila aliyeitemea mate sasa anaapa aliinywesha maziwa.

Jioni ya siku ile ya bango, Baba Mdogo alikuja nyumbani kwao Mwalimu, mpole kama mkwe mtarajiwa.

"Shemeji," alimwambia mama yao Mwalimu na Radi, "ile kaseti ya marehemu bado unayo? Tunataka kuupiga wimbo wake."

Mama aliinuka akishikilia kiti, akaitoa sandukuni, ikiwa imefungwa kwenye kitambaa safi. Ndiyo nakala pekee iliyobaki.

"Nikimsikia mwanangu redioni hata mara moja," alisema, "nitakufa nimetulia."

Mwalimu alimsindikiza mgeni hadi getini. Huko ndiko Baba Mdogo alikotoa ya moyoni.

"Utakuja studio useme maneno mawili, mwanangu. Kwamba nilimshika mkono kaka yako."

"Ulishika wembe, Baba Mdogo."

"Ya kale hayo. Usiposema, kaseti itarudi kama ilivyokuja. Na mama yako huyo, unamwona alivyo."

Mwalimu alimdharau kuliko siku zote. Lakini siku ya siku ilipofika, alikwenda.

Mtangazaji, mtoto wa juzi aliyevaa miwani ya jua ndani ya chumba kisicho na dirisha, alimsogezea kipaza sauti.

"Mlezi wetu alimsaidiaje marehemu?"

Baba Mdogo alikuwa kando yake, kanyoosha shingo kusubiri sifa zake.

"Alimshika mkono," Mwalimu alisema. "Bila yeye, kaka yangu asingefika popote."

Wimbo ukapigwa. Sauti ya Radi ikajaa chumba, changa, yenye hasira, ikiwasuta wazee wanaoziba midomo ya vijana. Baba Mdogo alitikisa kichwa kwa furaha, tena nje ya mdundo, huku akitukanwa yeye. Mwalimu hakuweza kumtazama. Alijiambia kwamba mama anasikia, na hilo linatosha.

Alirudi nyumbani karibu anakimbia. Mama alikuwa kwenye kiti chake, redio imezimwa.

"Umemsikia, Mama?"

"Nimemsikia. Sauti yake ileile." Akajifuta macho kwa kiganja. Mwalimu akapiga magoti amshike mkono, na mama akauondoa taratibu, akauweka mapajani mwake.

"Na wewe pia nimekusikia," alisema.